Umeletewa barua ya uhamisho na hutaki kuhama: mwongozo kamili kwa mfanyakazi wa Mtwara na Lindi

Barua ya uhamisho huwa fupi. Aya mbili, muhuri, sahihi ya meneja, na sentensi moja inayokutaka uripoti kituo kipya tarehe fulani. Wewe ni msimamizi wa ghala la korosho Mtwara mjini, mkeo ni muuguzi hospitali ya Ligula, mtoto wa kwanza yuko kidato cha nne, na barua inasema Shinyanga. Au wewe ni fundi wa kampuni ya ujenzi iliyomaliza kazi yake Lindi, mitambo inapakiwa kwenda Tanga, na wewe umehesabiwa humo humo. Swali ni lile lile: nikikataa, nafukuzwa?

Inategemea mkataba wako unasemaje, mwajiri ameandika nini, na wewe umejibu vipi. Hilo la tatu ndilo linaloangusha wengi. Mtu ana sababu nzuri kabisa ya kubaki, lakini hasemi. Kule haripoti, na hapa anaanza kuja siku moja moja, simu za ofisi ya rasilimali watu (HR) hapokei. Wiki mbili zikipita, faili lake halina tena habari ya uhamisho. Lina habari ya utoro, na kesi ya utoro haimpi mwajiri tabu kuishinda.

Sehemu kubwa ya mwongozo huu inamhusu mfanyakazi wa sekta binafsi, anayelindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 (Sura ya 366) pamoja na Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Na. 42. Walimu, wauguzi wa serikali na watumishi wa halmashauri wana njia yao, nimeiweka karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Jua ulicholetewa ni ofa, amri au kufungwa kwa kituo

Soma kitenzi kilichotumika. Barua ikisema "tunapendekeza", "tunaomba kujua kama uko tayari" au "tafadhali tujulishe uamuzi wako", hiyo ni ofa. Ofa haina kosa la nidhamu ndani yake: umeulizwa, umejibu. Ikisema "umehamishwa kuanzia" au "unaagizwa kuripoti", hiyo ni amri, na kuipuuza kunaweza kuitwa ukaidi. Aina ya tatu ni pale ofisi au tawi zima linapofungwa na wewe unaambiwa nafasi ipo lakini iko mkoa mwingine. Hapo kuna ofa juu, na chini yake kuna kupunguzwa kazi. Jibu lako litagusa kiinua mgongo chako, kama tutakavyoona hatua ya saba.

Barua nyingine zimechanganya, juu "tunapendekeza" na chini "utaripoti bila kukosa". Usikisie. Andika mstari mmoja: "Naomba ufafanuzi wa maandishi kama barua hii ni pendekezo ninalotakiwa kulijibu au ni uhamisho uliokwisha kuamuliwa." Jibu lolote litakalorudi litakufaa baadaye.

Hatua ya 2: Tafuta mkataba, usome kifungu cha kituo cha kazi

Sheria inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na miongoni mwa mambo yanayopaswa kuwemo ni mahali pa kazi na mahali ulipoajiriwa. Ni vitu viwili tofauti na vyote vina pesa ndani yake.

Kama mkataba unasema kituo cha kazi ni Mtwara, basi, hauna neno zaidi, umesimama pazuri. Kukupeleka Mwanza ni kubadilisha sharti la ajira, na sheria inasema mabadiliko ya masharti hayo yafanyike kwa kushauriana na mfanyakazi kisha aarifiwe kwa maandishi. Kushauriana ni kukaa na kuzungumza kabla ya kuamua. Kuitwa ofisini kusainishwa barua iliyokwisha kuandikwa siyo kushauriana.

Kama unasema "Mtwara au kituo kingine chochote Tanzania Bara kadiri mwajiri atakavyoona inafaa", mwajiri ana nguvu zaidi. Mikataba mingi ya benki, kampuni za ulinzi, kampuni za simu na wakandarasi imeandikwa hivyo. Ulisaini, na ukikataa lazima uwe na sababu nzito, au uonyeshe kwamba haki hiyo inatumiwa vibaya.

Na kama hakuna mkataba wa maandishi? Wako wengi huku, hasa kwenye maghala ya msimu na viwanda vya kubangulia, waliofanya kazi miaka kwa maneno tu. Hapo sheria imekaa upande wako: mgogoro ukifika mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) au mahakamani na mwajiri akashindwa kuleta maelezo hayo ya maandishi, ni yeye anayebeba mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa. Akidai mlikubaliana kwamba unaweza kuhamishwa popote, athibitishe.

Pamoja na mkataba, pekua sera za kampuni na, kama kuna chama cha wafanyakazi kazini kwenu, mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri. Kwa sekta binafsi sheria haijapanga kiwango cha posho ya uhamisho, kwa hiyo gharama za mizigo, nauli na siku za kujikimu utazikuta humo, na zisipokuwemo ni za kupatana. Omba kopi ya mkataba wako mapema, kabla hujaonyesha kama unakubali au unakataa. Ukishasema hapana, faili huwa na tabia ya kutoonekana.

Hatua ya 3: Pima amri yenyewe, kisha pima sababu zako

Hata mkataba unaoruhusu uhamisho haumpi mwajiri ruhusa ya kufanya apendavyo. Jiulize: kuna hitaji la kazi kule, au nimekuwa mtu wa kuondolewa tu? Barua ilikuja wiki moja baada ya kulalamikia saa za ziada, kuchaguliwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, au kumkataa bosi aliyekutaka kimapenzi? Cheo na mshahara vinabaki pale pale? Nimepewa muda wa kutosha? Nani analipa lori? Kumpa mtu siku tatu ahamishe kaya kutoka Masasi kwenda Kagera bila senti tano ya mizigo si agizo la busara, na mbele ya msuluhishi hoja hiyo ina uzito.

Sasa upande wako. Sababu zinazosikilizwa ni zile zenye karatasi: ugonjwa wako au wa unayemtunza, kwa barua ya hospitali, mtoto aliye kwenye darasa la mtihani, kwa barua ya shule, mwenza aliyeajiriwa hapa, kwa kopi ya ajira yake, kupungua kwa kipato, kwa hesabu ya kweli ya kodi ya nyumba kule ukilinganisha na hapa.

Mikorosho je? Najua. Ekari tano Newala au Tandahimba kwa familia nyingi zina maana kuliko mshahara wenyewe, na mtu akihamishwa mwezi wa tano, salfa atapulizia nani? Lakini mbele ya mwajiri sababu hiyo inakudhuru, kwa sababu inamwambia una kazi nyingine. Iache shambani. Kama ndiyo sababu pekee uliyonayo, heri uzungumzie tarehe ya kuhama kuliko kupinga kuhama kwenyewe.

Hatua ya 4: Jibu kwa maandishi, huku ukiendelea na kazi

Hii ndiyo hatua yenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Jibu ndani ya siku ulizopewa, na kama hukupewa siku, jibu mapema iwezekanavyo. Usijibu kwa mdomo, wala kwa sauti ya WhatsApp saa tano usiku. Barua iwe ya adabu na iwe fupi. Mfano huu unaweza kuurekebisha:

> Meneja Rasilimali Watu,
>
> YAH: UHAMISHO KWENDA ………… — BARUA YAKO YA TAREHE …………
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Nakiri kupokea barua yako mnamo tarehe ………… Mkataba wangu wa tarehe ………… unataja kituo changu cha kazi kuwa Mtwara. Naomba kufahamishwa sababu za kiutendaji za uhamisho huu pamoja na gharama ambazo kampuni itazilipa, yaani usafiri wa familia na mizigo, na posho ya kujikimu.
>
> Kwa sasa nashindwa kuhama kwa tarehe iliyotajwa kwa sababu zifuatazo: (1) ………… (2) ………… Vielelezo nimeviambatanisha.
>
> Napendekeza moja kati ya haya: nibaki hadi mwisho wa Novemba mtoto amalize mtihani; nipangiwe nafasi nyingine Mtwara au Lindi; au niende kwa muda wa miezi mitatu huku familia ikibaki.
>
> Naomba tukutane kwa mazungumzo kabla ya tarehe ………… Wakati nasubiri majibu nitaendelea kuripoti na kutekeleza majukumu yangu katika kituo changu cha sasa.
>
> Nakala: Katibu wa Tawi.

Angalia neno lililotumika: "nashindwa kuhama kwa tarehe iliyotajwa". Halijafunga mlango. Mapendekezo yanaonyesha mtu anayetafuta njia, na ukifika mbele ya msuluhishi ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Sentensi ya mwisho kuhusu kuendelea kuripoti ndiyo kinga yako dhidi ya utoro.

Toa kopi mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, urudi nayo nyumbani. Masijala wakikataa kupokea, itume kwa barua pepe ya ofisi au kwa rejista ya posta, utunze risiti. Usiache nakala pekee kwenye kompyuta ya kazini.

Tarehe ya kuripoti kule ikifika kabla ya kupata jibu, njoo kituo chako cha zamani kama kawaida na usaini kitabu cha mahudhurio. Ukizuiwa getini, andika siku hiyo hiyo: "Leo tarehe fulani saa moja na nusu asubuhi nimefika kazini nikazuiwa na mlinzi kwa maelekezo ya meneja." Kanuni za Utendaji Bora zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kuwa kosa linaloweza kukufukuzisha. Siku tano zinapita upesi kuliko unavyodhani.

Kuna hali moja ambayo ningekushauri tofauti. Kama mkataba unaruhusu uhamisho waziwazi, sababu ya kazi ipo, na pesa ya mizigo imeshaingia kwenye akaunti, kung'ang'ania kubaki ni kucheza kamari na ajira. Nenda, lakini andika kwamba unakwenda huku ukipinga, kisha peleka malalamiko yako ukiwa kule. Mtu aliyeko kazini ana nafasi ya kujadiliana ambayo mtu aliyefukuzwa hana.

Na ukiwa umekubali kwenda lakini njia imekataa, sema. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi maeneo ya Somanga, abiria wa kusini walikwama. Kukwama siyo kosa la nidhamu. Kukaa kimya ukiwa umekwama kunaweza kugeuzwa kuwa kosa.

Hatua ya 5: Kaa mezani

Mkiitana, usiende peke yako kama kuna kiongozi wa tawi. Ingia na mambo mawili: unachokitaka, na unachoweza kukubali. Muda ndio unaopatikana kirahisi kuliko vyote. Mwajiri anayekataa kukubakiza moja kwa moja mara nyingi hukubali miezi miwili au mitatu, na kwa mzazi mwenye mtoto anayefanya mtihani wa kidato cha nne Novemba, miezi hiyo ndiyo kila kitu. Kupishana na mwenzako anayetaka kurudi kusini nako kunawezekana. Ulizia chini chini nani yuko kule na kwao ni Nachingwea au Kilwa.

Mkimaliza, tuma muhtasari siku hiyo hiyo: "Kama tulivyozungumza leo, nitabaki Mtwara hadi tarehe fulani." Wasipopinga, umepata kielelezo.

Hatua ya 6: Wakikuletea barua ya kujieleza

Barua ya kujieleza ni mwanzo tu wa shauri. Ijibu ndani ya muda, kwa kurudia yale yale uliyoandika mwanzo na kuambatanisha kopi yenye muhuri. Kwa kukufukuza halali, mwajiri anahitaji sababu ya haki na utaratibu wa haki, vyote viwili. Utaratibu ni uchunguzi, barua ya mashtaka inayoeleweka, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kikao cha nidhamu, nafasi ya kujitetea ukiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzako, na uamuzi wenye sababu.

Katika kikao, zungumzia vitu vinne tu: mkataba unasema nini juu ya kituo, ulijibu lini, ulipendekeza nini, na kwamba hukuacha kazi hata siku moja. Ya nani anakuchukia yaache, labda kama una ushahidi wa maandishi. Ukipewa muhtasari wa kikao usaini, usome wote, na palipokosewa andika "sikubaliani na aya ya tatu" kabla ya kuweka jina lako.

Aliye na chini ya miezi sita kazini asome aya hii kwa tahadhari: masharti ya sheria kuhusu kuachishwa kazi isivyo haki hayamhusu. Kwake yeye mazungumzo ndiyo silaha kubwa.

Hatua ya 7: Kituo kinafungwa, na hesabu ya pesa

Mwajiri anayefunga tawi la Lindi na kuhamishia kazi Dar es Salaam yuko kwenye eneo la kupunguza wafanyakazi kwa sababu za kiutendaji. Anatakiwa atoe taarifa mapema ya kusudio lake, atoe taarifa zote zinazohusika, na ashauriane nanyi au na chama chenu juu ya sababu, njia za kuepuka kupunguza, vigezo vya nani aondoke, muda, na malipo. Msipokubaliana, suala linapelekwa kwenye usuluhishi.

Hapa ndipo kuna mtego ambao watu hawauoni. Kiinua mgongo ni haki ya mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 mfululizo na akaachishwa na mwajiri: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Lakini sheria inamnyima aliyeachishwa kwa sababu za kiutendaji ikiwa alikataa, bila sababu ya msingi, kazi mbadala aliyopewa na mwajiri huyo au mwingine. Kwa hiyo ukipewa nafasi Dar es Salaam, ukaandika tu "sitaki", unaweza kuwa umejiandikia kukosa pesa. Ukiandika kwamba nafasi ile ina mshahara mdogo zaidi, hakuna usafiri wa familia, na mwenza wako ameajiriwa hapa na vielelezo hivi hapa, umekataa kwa sababu. Tofauti ya barua hizo mbili inaweza kuwa mamilioni.

Tupige hesabu. Mshahara wa msingi shilingi 520,000 kwa mwezi, unafanya kazi siku sita kwa wiki. Mwezi unahesabiwa kuwa na wiki 4.333, yaani siku za kazi 26, hivyo siku moja ni 20,000. Siku saba ni 140,000. Umefanya kazi miaka sita kamili: 840,000. Kumbuka ni mshahara wa msingi, posho hazimo.

Juu ya hiyo unadai mshahara wa siku ulizofanya kazi, likizo ambayo hukuchukua, malipo ya notisi kama hukupewa (siku 28 kwa anayelipwa kwa mwezi), na hati ya utumishi. Kama ulichukuliwa mahali pengine tofauti na unapoachishwa, mwajiri anakusafirisha wewe na vitu vyako, au anakulipa gharama hizo, na anakulipa pesa ya kujikimu kila siku tangu siku ya kuachishwa hadi siku ya kusafirishwa. Waajiri wengi wanaisahau hiyo ya mwisho. Wakumbushe.

Hatua ya 8: Usijiuzulu kwa hasira

HR wengine hukuambia kwa upole: "Andika tu barua ya kuacha kazi, itakuwa rahisi kwako." Rahisi kwa nani? Ukijiuzulu, kiinua mgongo hupati, kwa sababu hukuachishwa. Na fao la kukosa ajira la NSSF ni la aliyepoteza kazi bila kujiuzulu mwenyewe, akiwa ametimiza masharti ya michango.

Sheria inatambua pia kwamba mtu anaweza kusukumwa hadi akajiuzulu, na hali hiyo ikahesabiwa kuwa ameachishwa na mwajiri. Lakini ni kesi ngumu, na kabla ya kuiingia utaulizwa kama ulitumia njia za malalamiko zilizopo kazini. Andika malalamiko kwanza, subiri jibu, ndipo ufikirie kuondoka.

Hatua ya 9: Tume ya Usuluhishi na Uamuzi

Ukifukuzwa, una siku 30 tangu siku ya kuachishwa kupeleka mgogoro CMA. Migogoro mingine, kama kubadilishiwa masharti ya kazi ukiwa bado umeajiriwa au kunyimwa posho ya uhamisho mliyokubaliana, ni siku 60. Aliye na mkataba wa muda maalum uliovunjwa kabla ya wakati asikae kubishana na watu kijiweni kama yake ni 30 au 60: apeleke ndani ya 30, amalize ubishi.

Unajaza Fomu Namba Moja ya CMA, unampa mwajiri nakala asaini kupokea, kisha unaiwasilisha ukiwa na ushahidi huo. Mwanzo ni usuluhishi, mnakaa pande zote mbili na msuluhishi. Mkishindwana, unafuata uamuzi, wenye mashahidi na vielelezo. Unaweza kujisimamia mwenyewe, kusimamiwa na chama au wakili. Asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi uliotolewa na CMA, ana wiki sita kuomba Mahakama Kuu iipitie, na kwa sisi wa mikoa hii miwili hiyo ni Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara.

Ukichelewa, unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini lazima uhesabu kila siku uliyochelewa na sababu yake. "Nilikuwa msibani Liwale" bila karatasi yoyote haikufikishi mbali. Kabla ya siku hizo kuisha unaweza pia kumwona Afisa Kazi wa mkoa kwa ushauri, ila kumwona yeye hakusimamishi siku za CMA.

Watumishi wa umma

Kwako uhamisho ni sehemu ya utumishi tangu siku ya kwanza. Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma mwaka 2016 hakuna mtumishi wa wizara aliyeulizwa kama anapenda zabibu. Unachoweza kupigania ni muda, stahili, na kubatilishwa kwa sababu maalum.

Uhamisho wa matakwa ya mwajiri unalipiwa: posho ya usumbufu, ambayo ni asilimia 10 ya mshahara wa msingi wa mwaka, nauli yako, ya mwenza na watoto au wategemezi hadi wanne, mizigo, na posho ya kujikimu. Uliouomba mwenyewe unajilipia, ndiyo maana soma barua kwa makini isije ikaandikwa "kwa maombi yako" wakati hukuomba. Serikali imerudia mara nyingi kuwa mtumishi asihamishwe kabla ya kutengewa fedha, kwa hiyo kuuliza stahili zako kabla ya kuondoka si ukaidi. Pitia kwa mkuu wako wa idara, kwa maandishi.

Utoro huku ni hatari zaidi kuliko sekta binafsi. Na CMA siyo mlango wako wa kwanza: tangu marekebisho ya sheria ya 2016, mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza njia za ndani ya utumishi. Rufaa dhidi ya uamuzi wa mamlaka ya nidhamu inakatwa ndani ya siku 45. Walimu wana Tume ya Utumishi wa Walimu yenye ofisi wilayani.

Ukiamua kwenda

Baada ya yote hayo wengine huamua kuhama, na wakati mwingine ni uamuzi mzuri. Kabla ya kusaini, angalia mambo mawili kwenye karatasi mpya. Kwanza, kama wamekuletea mkataba mpya badala ya barua ya uhamisho, hasa unapohamishiwa kampuni dada, dai sentensi inayosema utumishi wako unaendelea tangu tarehe ya kwanza uliyoajiriwa. Bila hiyo miaka yako inaanza upya, na kiinua mgongo nacho.

Pili, mahali ulipoajiriwa pabaki pale pale palipoandikwa mwanzo. Wakiandika Mwanza badala ya Lindi, siku wakikuachisha kule watasema umeshafika kwenu, na gharama za kukurudisha zitakuwa zako. Sahihisha mstari huo kwa kalamu, msaini wote wawili pembeni yake, kisha ndipo uite lori.